Gari la Milango Minne

Kahaso aliweka kiganja juu ya boneti ya gari jeupe, akakiondoa upesi. Lilikuwa la moto. Ilikuwa saa mbili na nusu ya asubuhi, uwanja wa magari pale Ukunda umefunguliwa sasa hivi, na mwenye magari alikuwa amewaapia kwenye simu, wakiwa njiani, kwamba gari halijawashwa tangu jana.

"Limeamshwa mapema," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Dizeli iliyochoka haiwaki ikiwa baridi. Huipasha moto kabla mnunuzi hajafika."

"Mama Chiku, tafadhali," alisema Randu. "Hata hatujaamkiana na watu."

Basi wakaamkiana. Mwenye magari aliitwa Nahashon, mtu wa bara aliyeishi pwani miaka kumi na bado akizungumza kana kwamba ameshuka basi jana. Alitoa viti vitatu vya plastiki. Kimoja alimpa Mjomba Nyamawi, kimoja Randu, na kimoja Timothy. Bi Twaiba, mwenye magoti yanayomsumbua, alipewa kreti la soda. Kahaso hakupewa kitu, na tuseme kweli hakukihitaji, maana hakuja Ukunda kukaa.

Kati ya watu hao watano, wanne walikuwa wa tumbo moja. Mjomba Nyamawi na Bi Twaiba walikuwa ndugu wa marehemu mama yake Randu. Timothy, dereva wa hoteli kule Diani, alikuwa mtoto wa dada yake Randu. Kahaso peke yake ndiye aliyekuwa wa nje, Mgiriama aliyeolewa Udurumani, na ugeni wake ulikuwa unamngoja asubuhi ile.

Kwa Waduruma wa zamani, shamba lilitoka upande wa baba na ng'ombe upande wa mama. Ng'ombe wa mtu hawakuwa wa mkewe wala wa wanawe, walikuwa wa ukuche, yaani ukoo wa tumbo la mama, na yeye alikuwa mtunzaji wao tu. Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Mjomba Nyamawi hakuyaacha. Ng'ombe kumi na mmoja waliouzwa mnadani ili gari lipatikane walitoka zizini kwa ruhusa yake, na alikuja Ukunda kuona ng'ombe wake wamegeuka kuwa nini.

"Wazee, niko na mbili za dizeli," alisema Nahashon. "Hii nyeupe na ile ya kijani. Bei ni moja, laki nane na nusu, na hapo nimewapendelea. Hii nyeupe ya milango minne ilikuwa ya ofisi, ilibeba wakubwa tu. Ile kijani ni gari ya kazi."

"Kazi gani?" aliuliza Kahaso.

"Kazi ya shamba, mathe. Ilikuwa inavuta trela ya nazi huko Msambweni. Wewe ngoja, utatuchagulia rangi ya vitambaa vya viti."

Timothy alicheka. Kahaso alikuwa ameshaondoka kuelekea kwenye gari la kijani.

Lilikuwa na milango miwili na kiti kimoja kirefu kilichopasuka. Rangi ilikuwa imebabuka juu ya magurudumu. Lakini sehemu ya mizigo ilikuwa ndefu, mtu mzima angelala humo akanyoosha miguu, na springi za nyuma zilikuwa nene, bapa juu ya bapa. Kahaso alipiga magoti mchangani akachungulia chini. Ndoano ya kuvutia trela ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha uti wa gari, si kwenye bampa. Aliigusa. Ilikuwa imelika upande mmoja kwa kuvuta vitu vizito miaka mingi bila kukatika, na Kahaso alihisi moyo wake unaenda mbio kama msichana aliyetumiwa salamu.

Mtu asishangae alikoyajua hayo. Kahaso alikulia Lunga Lunga, akiuza viazi karai na mama yake mpakani, pale malori yanapongoja karatasi siku mbili tatu na madereva hawana la kufanya ila kula na kusimulia injini. Aliyasikia hayo kuanzia miaka minane hadi alipoolewa. Hakuwahi kushika usukani, lakini alijua gari linalougua kabla ya mwenyewe kujua.

Na haja yake ilikuwa moja, haikuwa siri. Nyumbani kwake, ng'ambo ya Mwangulu, palikuwa na tangi la lita elfu moja na mia tano juu ya trela la magurudumu mawili. Alilinunua kwa wajenzi wa barabara walipomaliza kazi na kuondoka. Lilikuwa limekaa uani miaka mitatu likiwa tupu kwa kukosa cha kulivuta, na kila siku Kahaso alilipita akienda kisimani na punda wawili na madumu manane. Shule ya msingi iliyokuwa juu ya mlima haikuwa na maji. Watoto walikuja na vidumu kutoka makwao. Mwalimu mkuu, Bi Concepta, alikuwa amemwambia: ukipata cha kuvuta tangi hilo kabla ya Jumatatu ya kwanza ya muhula, kazi ya maji ya shule ni yako. Jumatatu hiyo ilikuwa imebakisha siku tisa.

Basi alirudi pale kwenye viti akasema, "Naomba yawashwe yote mawili, na vifuniko vya mafuta ya injini vifunguliwe yakiwa yanaunguruma."

Nahashon alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwani mathe wewe ni fundi?"

"Fungua tu, mwanangu."

La kijani lilipofunguliwa lilitoa mvuke kidogo, pumzi ya mtu aliyelala. La jeupe lilipofunguliwa lilikohoa moshi, likatema matone ya mafuta meusi, na Timothy aliyekuwa ameinama karibu mno akayapata yote kifuani kwenye shati lake jeupe la hoteli.

"Shati la kazi hili!" alifoka Timothy. "Mamu, wewe umekuja kununua gari au kulipasua?"

"Pole," alisema Kahaso. "Lakini umeona mwenyewe."

"Nimeona nini? Mafuta yapo, hayo ndiyo niliyoyaona. Gari lisilo na mafuta ndilo baya."

Mjomba Nyamawi aliinua mkono, wakanyamaza. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyezungumza taratibu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumpandishia Kahaso sauti. Hilo ndilo lililokuwa zito. Mtu mkali ungeweza kumchukia ukapumua.

"Mkaza mwana," alisema, "unataka kuona nini zaidi? Ona utosheke."

"Ahsante, Mjomba. Ninataka kuyaona yakivuta."

*

Kando ya uwanja palikuwa na boti ya hoteli moja ya Diani, imepandishwa juu ya trela lake, matairi yamezama mchangani. Nahashon hakupenda, lakini laki nane na nusu zilikuwa zimekaa mbele yake kwenye viti vya plastiki, akakubali.

La kijani lilifungwa kwanza. Mfanyakazi wa uwanja aliingiza gia, akaachia klachi pole pole, na gari likainama nyuma kidogo, springi zikajikaza, kisha likaanza kwenda. Halikupiga kelele. Mchanga ulipasuka mbele ya matairi ya trela, na boti ikatoka. Liliivuta hadi ukutani, likasimama, likairudisha palepale. Bi Twaiba alipiga makofi mawili kabla hajakumbuka kwamba yeye ni wa upande mwingine.

Kahaso alimtazama mumewe. Randu alikuwa amesimama, mdomo wazi kidogo, na usoni pake palikuwa na ile sura ya siku alipoliona tangi uani kwa mara ya kwanza, alipolizunguka akiligonga kwa vidole na kusema, "Hili likijaa, Mama Chiku, utawaachilia punda wako walale." Amesikia, Kahaso aliwaza. Mungu wangu, amesikia.

La jeupe lilifungwa kwa kamba kwenye bampa, kwa kuwa halikuwa na ndoano. Lilinguruma, likatetemeka, matairi ya nyuma yakachimba mashimo mawili. Boti ilisogea hatua tatu na kusimama. Harufu ya klachi inayoungua ikawajia wote.

"Mnaisikia?" alisema Kahaso.

"Gari lililokaa muda mrefu huwa na harufu yake," alisema Timothy.

"Iko fiti," alisema Nahashon. "Ni mchanga tu."

Kahaso aligeuka amwambie Mjomba, akakuta kiti chake cha plastiki ni kitupu.

Mjomba Nyamawi alikuwa ameingia ndani ya gari jeupe. Alikuwa ameketi mbele, upande wa kushoto, mgongo umenyooka, fimbo yake katikati ya magoti. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Kioo kilikuwa kimepandishwa na mashine ya baridi ilikuwa inampulizia kifuani. Alikuwa amefumba macho.

Walimngoja. Hakuna aliyethubutu kugonga kioo. Mwishowe aliteremsha kioo mwenyewe, na alipozungumza hakumtazama mtu.

"Nimezika watu wengi," alisema. "Ndugu zangu, wake zao, watoto wao. Kila hanga, kila matanga, nimekwenda, na kote huko nimefika nyuma ya lori nimeshikilia vyuma, mbuzi wamenizunguka. Mwaka jana, kule Ndavaya, nilishuka nimejaa vumbi, na vijana wa pale wakaniambia, mzee, shusha hilo gunia la mchele ulipeleke jikoni. Wakanidhania mpakiaji. Nikalipeleka. Ningesema nini? Nikalipeleka, nikarudi, nikakaa na wazee wenzangu, na mchele umenimwagikia begani." Aliweka kiganja juu ya mlango. "Ng'ombe wa mama yangu hawa. Ninataka kwenda kuzika nimeketi ndani, na mlango."

Bi Twaiba alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso. Hata Nahashon alitazama chini.

Kahaso alimhurumia mzee yule kwa dhati. Angekuwa na magari mawili angempa moja palepale na dereva juu. Lakini alikuwa na tangi moja, siku tisa, na watoto mia nne wenye vidumu.

"Mjomba," alisema, akichuchumaa karibu na mlango ili asimtazame kwa juu, "kwa heshima zako zote. Lile la kijani lina kiti cha watu watatu mbele. Utaketi ndani, na mlango. Kila hanga utapelekwa, na wa kwanza kukupakia nitakuwa mimi. Lakini hili jeupe halitalivuta lile tangi. Halitalivuta, Mjomba. Umeona."

"Na Twaiba akae wapi?"

"Tutakaa wote watatu, na dereva..."

"Dereva ni wa tatu. Randu akae wapi? Siku mtoto wa ukuche akipata msiba, ukuche ushuke nyuma ya gari kama magunia?" Alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu, unalitazama gari kama punda. Unauliza linavuta nini. Sisi tunauliza linambeba nani."

"Hata hili linaweza kuvuta," alisema Timothy. "Ni kuliwekea ndoano tu. Shilingi elfu kumi kwa fundi yeyote hapa Ukunda."

Kahaso alisimama. Alimgeukia mumewe, na wote wakamgeukia, kwa sababu ng'ombe walikuwa wa ukuche lakini zizi lilikuwa la Randu, na neno lake lingekuwa na uzito. Randu alitazama gari la kijani. Akatazama kioo kilichoteremshwa na uso wa mjomba wake aliyemlea tangu mama yake alipokufa, akamtahiri, akamlipia mahari ya mke huyu huyu anayemtazama. Akatazama viatu vyake.

"Mjomba ameshasema," alisema.

*

Lakini hapo jambo lilikuwa bado halijaisha, na ni vizuri msomaji alijue. Ng'ombe kumi na mmoja walitoa laki tano na nusu. Laki tatu zilizobaki zilikuwa za Kahaso, za kuuza maji na za chama cha wanawake cha miaka sita, na zilikuwa ndani ya simu yake. Bila laki tatu hizo hapakuwa na gari jeupe wala la kijani.

Nahashon alisoma nambari ya kulipia kwa sauti. Kahaso alishika simu bila kubonyeza kitu.

"Mathe, tunakungoja wewe."

Randu alimsogelea, akamgusa kiwiko, akamvuta pembeni karibu na ile boti. Alizungumza kwa sauti ndogo sana.

"Mama Chiku, ninakuomba. Usinivunje mbele ya wajomba zangu."

"Na mimi ninayevunjika?"

"Wewe tutakujenga. Nitalifungia ndoano. Nitalikarabati. Nitafanya kila kitu, haki ya Mungu. Lakini ukikataa sasa hivi hapa, mbele ya mwenye magari, kwangu mimi hakuna pa kurudi. Nitakuwa mtu aliyewauza ng'ombe wa mama yake, halafu mkewe akamfungia mjomba mlango."

Angemfokea, Kahaso angekataa. Hiyo ni hakika, alijua mwenyewe na aliendelea kujua miezi mingi baadaye. Lakini Randu hakufoka. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumwomba kitu kwa namna ile.

Simu haikubali kutuma laki tatu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo alituma mara mbili. Mara ya kwanza aliandika nambari ya siri akafumba macho. Mara ya pili alisimama na kidole hewani muda mrefu kiasi kwamba Nahashon alisafisha koo. Kisha akabonyeza.

"Hongereni!" alisema Nahashon, akampa mkono Mjomba, akampa Randu, akampa Timothy.

Ndani ya gari jeupe palikuwa na nafasi ya watu watano, na wao walikuwa watano. Bi Twaiba alimsogelea Randu akapapasa kiti pembeni yake, akimwita Kahaso. "Njoo mwanangu, ingia, kuna baridi nzuri."

"Nitakaa nyuma, Bi Twaiba. Ahsante."

"Nyuma kuna vumbi."

"Vumbi ninalijua."

Alikaa nyuma, amejikunja, maana sehemu ya mizigo ya gari lile ilikuwa fupi na miguu haikunyooka. Gari lilipotoka uwanjani alikuwa ameelekea nyuma, na kwa hiyo aliliona lile la kijani mpaka mwisho, likiwa limesimama karibu na boti, na alama ya goti lake bado mchangani. Alilitazama mpaka ukuta ukaliziba. Safari ya kwenda kwao ni zaidi ya saa mbili, na njia nzima Kahaso alilitamani gari lile kwa namna ambayo angeona haya kumweleza mtu.

*

Ndoano iliwekwa Jumatano. Jumamosi tangi lilijazwa kisimani hadi nusu, kwa tahadhari, na gari jeupe likalivuta vizuri kwenye tambarare, hata Randu akapiga honi kumwita mkewe aone. Penye mto mkavu, pale njia inaposhuka mchangani kisha kupanda mlima wa shule, klachi iliungua yote. Gari lilirudi nyuma na tangi lake, likakwama kwa upande katikati ya mto, na ilibidi wafungue koki maji yamwagike ili trekta la mtu liweze kuwatoa. Kahaso alisimama akayaona maji yakiingia mchangani. Mchanga ule haukuyakataa hata tone.

Jumatatu alipanda mlima kwa miguu kwenda kwa Bi Concepta. Watoto walikuwa wamepanga vidumu vyao ukutani.

"Kahaso, mimi nilikuwa nakungoja wewe," alisema Bi Concepta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. "Nimekaa hapa tangu saa moja nikisikiza barabara."

"Niongezee wiki mbili, mwalimu. Fundi anataka klachi kutoka Mombasa."

"Nikuongeze vipi? Ofisi imeniandikia. Kuna mtu wa Lunga Lunga ako na magari tayari, wanasema wiki hii anaweza anza. Hawa watoto, si unawaona?" Alimshika mkono. "Pole sana, mama. Ningependa iwe wewe. Hiyo Mungu anajua."

Kahaso alisema anaelewa. Alielewa, ndiyo. Na kuelewa hakukumpunguzia kitu.

Klachi ilipofika, Timothy alikuja mwenyewe kutoka Diani kuhakikisha imefungwa vizuri, akamwambia Randu kwamba kuanzia sasa gari lisivutishwe kitu, maana ni mali ya ukuche na ipo siku itakuwa mikononi mwake yeye, mtoto wa dada. Juma hilo hilo gari lilikwenda kwenye hanga Ndavaya. Mjomba Nyamawi alishuka kupitia mlangoni, na wanaosimulia wanasema vijana wa pale walikimbia kumshikia fimbo.

Alasiri moja Randu alimkuta mkewe akimwosha punda mguu uliochubuka. Alisimama hapo akageuza kofia mikononi.

"Nilikuwa ninajua," alisema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Lilivyoitoa ile boti. Nilijua ndilo."

Kahaso hakuinua kichwa. "Kisha?"

"Kisha Mjomba alikuwa ameshaketi."

Aliendelea kuosha. Kidonda kilipotakata alisema, "Nipe hicho kitambaa," na Randu akampa, na hilo lilikuwa ndilo jibu lake lote. Walikuwa watu wanaopendana. Ingekuwa rahisi zaidi kama si hivyo.

*

Mwezi wa pili wa muhula, Kahaso alikuwa njiani na punda wake aliposikia dizeli nyuma yake, nzito, yenye afya. Aliwasogeza punda kando.

Ingekuwa hadithi ya redioni, gari hilo lingekuwa lile la kijani. Halikuwa. Lilikuwa la kijivu, la mtu asiyemjua, lenye tangi jipya la plastiki nyuma yake. Dereva alikuwa mtu wa makamo, Mdigo wa Mwabungo, na alisimamisha gari kwa adabu, akazima injini ili asimpigie kelele.

"Salama, mama? Samahani kwa kukusumbua. Njia ya kwenda shuleni ndiyo hii? Dereva wa siku zote anaumwa, nami nimekuja na gari jingine, nimeambiwa tu nifuate barabara, na hapa mbele ninaona barabara mbili."

"Salama. Chukua ya kushoto. Ile nyingine ni ya ng'ombe." Kahaso alilitazama tangi. "Limejaa?"

"Limejaa pomoni."

"Basi huwezi kwenda hivi hivi. Mbele kuna mto mkavu. Ukiingia katikati utazama. Shika ukingo wa kulia, kuna mwamba chini ya mchanga, hauonekani."

Mtu yule alijikuna kidevu. "Mama, wewe si ungepanda unionyeshe? Nitakurudisha."

Aliwafunga punda kwenye mkwaju, akafuta mikono kwa leso, akapanda. Kiti kilikuwa kirefu. Mbele yake palikuwa na kioo kipana na barabara yake yote, ile aliyoipita kwa miguu maelfu ya mara, na kutoka juu hapo ilionekana fupi.

"Pole pole," alisema. "Mti ule ukiupita, gia ya pili. Usingoje likulemee ndipo uteremshe, teremsha mapema. Sasa. Kulia, kulia zaidi. Umehisi mwamba?"

"Nimeuhisi!"

"Usikanyage breki. Liache lishuke lenyewe. Haya, gia ya kwanza, na usiachie hata likilia. Litalia kwenye lile jiwe jekundu, halafu litanyamaza."

Lililia kwenye jiwe jekundu. Kisha likanyamaza, likapanda, na uzito wa maji ukawasukuma migongo kitini kwa namna ambayo Kahaso alikuwa ameiwaza muda mrefu sana akashangaa kuikuta ni hivyo hasa. Aligeuza uso dirishani, kwa sababu machozi yalikuwa yameshatoka.

"Ma sha Allah," alisema dereva. "Wewe mama umeendesha gari gani hapa?"

"Sijaendesha hata baiskeli."

Dereva alicheka, akidhani ni mzaha.

Shuleni watoto walikuwa wameshalisikia. Walitoka madarasani kabla ya kengele, wakalikimbilia gari wakipiga ndoo na kuimba maji, maji, na waliomfahamu Kahaso wakaliita jina lake. Bi Concepta alitoka ofisini akikinga jua kwa daftari. Alimwona mwanamke aliyeketi mbele, akasimama, kisha akaja mbio, mikono imenyooshwa, uso wote ukiwa na furaha.

"Kahaso! Kumbe ulipata! Kumbe ni wewe!"

Kahaso alifungua mlango akashuka.

"Si mimi, mwalimu," alisema. "Nimemwonyesha njia tu."